Msimu wa Kukanda Mkono wa Rodah

Jumatatu, 3 Machi 2025

Daftari hili nimepewa na msichana wa hospitali huko Kericho, jina lake Beverly, kwao ni upande wa ziwa. Kazi yake ni kukanda watu na kuwapa mazoezi. Anajiita fizio. Amesema niandike kila siku nimefanya nini na mkono wa mke wangu, dakika ngapi, na mkono umejibu nini. Nikamwambia, "Madam, mimi shule niliachia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nilikaa miaka miwili." Akasema, "Mzee, mkono hausomi. Andika tu."

Basi naandika. Mimi ni Chepyegon wa hapa juu ya Merigi. Majani yangu ya chai ni ekari moja na robo, miaka ni sabini na nne, na meno yaliyobaki ni siri yangu na mahindi ya kuchoma.

Mgonjwa ni Rodah. Mwezi wa kwanza alikuwa katikati ya majani, kikapu mgongoni, upande wake wa kulia ukazima kama stima. Mguu ulirudi baada ya wiki tatu. Mdomo ulirudi asubuhi ya pili, na nguvu zote. Mkono ndio umekataa. Umekaa hapo mapajani kama mgeni asiyeambiwa karibu.

Jumatano, 5 Machi

Maagizo ya Beverly, kabla sijayasahau. Mafuta yapashwe moto kidogo. Nianzie kwenye vidole, nipande polepole hadi begani, kuelekea moyo, nisirudi chini kwa nguvu. Halafu kidole gumba changu kizunguke katikati ya kiganja chake. Halafu vidole vyake nivifungue kimoja kimoja. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Baada ya hapo mazoezi, hata kama mkono hautaki.

Nikauliza, "Na huku kukanda ndiko kutaurudisha?"

"Hapana, mzee. Kukanda kunalegeza msuli uliokaza, kunasukuma damu, kunapunguza uvimbe na maumivu, na kunaukumbusha mkono kwamba una mwenyewe. Kinachourudisha ni kuutumia."

Mambo mawili amenikataza. Kwanza, nisivute ule mkono kamwe, hata nikimsaidia kusimama, kwa sababu bega limelegea na litatoka. Pili, mguu ukivimba nyuma na uwe na moto, nisiukande, nikimbie hospitali, huenda ni damu iliyoganda. Amenifanya niyarudie mara tatu kama mtoto wa katekisimu.

Jumapili, 9 Machi

Elmina amekuja kutoka Nakuru. Ni binti yetu, ana saluni. Alitazama mama yake akinywa chai kwa mkono wa kushoto na kujimwagia, akaenda nje, akarudi macho mekundu.

"Baba, mwezi wa sita, mvua ikipungua, nakuja na gari. Kama mama hawezi kushika kikombe na kufunga vifungo vyake mwenyewe, nampeleka kwangu, akae."

"Na mimi?"

"Wewe una ng'ombe."

Nimeandika vile alisema. Sijaongeza chumvi.

Jumatatu, 10 Machi

Dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Mkono haukusema kitu. Rodah alisema mengi.

Alhamisi, 13 Machi

Kuna jambo Beverly hakulijua, na nitamwambiaje. Mzee wa rika langu hamshiki mke wake mkono mchana watu wakiona. Nimezaa naye, nimezeeka naye, kanisani tunakaa mabenchi tofauti. Kwa hiyo saa nne asubuhi tunafunga mlango na dirisha, na kwa sababu mafuta yanapashwa jikoni, moshi unatoka kwenye paa kidogo kidogo.

Leo jirani yangu Phelix Ogada amepita. Alitoka kwao ziwani akiwa kijana kuja kufanya kazi kiwanda cha chai, akastaafu, akanunua shamba mpaka mmoja na langu. Akasimama nje akapiga kelele.

"Omera, ndugu yangu Chepyegon! Saa nne ya mchana mmejifungia? Mnatafuta kitindamimba?"

Rodah alicheka mpaka mafuta yakamwagika. Tangu mwezi wa kwanza sikuwa nimesikia kicheko hicho. Nikafungua mlango nikiwa na hasira, lakini hasira ya kuigiza.

Ogada alipoona ule mkono aliacha mzaha. Kumbe huyu mtu, miaka yote ninayomjua, ndiye aliyekuwa akikanda wachezaji wa mpira wa kiwanda. Akanitazama nikifanya, akatikisa kichwa.

"Unamkanda kama unga wa chapati za harusi. Sikia. Kuna mkono wa kuamsha na mkono wa kulaza. Kabla ya mechi tunaamsha: haraka haraka, kusugua kwa viganja, kupigapiga na ukingo wa mkono, msuli upate moto. Baada ya mechi tunalaza: ndefu, polepole, ili kesho mtu ashuke kitandani bila kulia. Sasa shemeji hapa, mechi yake imeisha ama bado?"

Rodah akamjibu mwenyewe, "Bado, Ogada. Hata half-time haijafika."

"Basi tunauamsha, lakini kwa adabu."

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza. Kubwa.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Ishirini.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Kumi tu, nilienda kupeleka majani kituoni na mashine ya kupimia ilichelewa. Rodah aliniuliza kama mkono wake una likizo.

Alhamisi, 27 Machi

Tulienda Kericho kwa Beverly. Alishika vidole vya Rodah, akavikunja, akavinyoosha, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Akasema ngozi ina joto, uvimbe umeshuka, kazi nzuri. Nikajivuna mpaka nikagonga kichwa kwenye mlango wa kutokea.

Tukingoja mvua ipungue tulisimama chini ya baraza ya hoteli moja ya wageni. Pale ukutani kuna picha ya mwanamke wa kizungu amelala kifudifudi na mawe mgongoni. Nikamwuliza binti wa mlangoni yule amekosea nini.

"Ni masaji, mzee. Mawe ya moto. Tuko nayo, na ile laini ya mafuta, na ile ya kubonyeza ndani kabisa, na ya miguu peke yake."

"Sisi mawe ya moto tunachomea mbuzi."

Akacheka, lakini akanieleza vizuri. Wengi wanaokuja hawaumwi mahali. Ni watu wa ofisi, shingo ngumu, usingizi hawana. Wakikandwa saa moja wanalala pale pale mezani na kukoroma. Rodah akasema huko nyumbani kuna mtu anakoroma bila kukandwa.

Mvua ilipopungua tulirudi. Nilikuwa nafikiri habari ya hao watu wa ofisi. Mtu ana kila kitu, na bado anatafuta mtu wa kumshika shingo.

Ijumaa, 4 Aprili

Barabara ya chini imekatika. Siku ya kwenda kwa Beverly imepita.

Jumanne, 8 Aprili

Baridi imeingia mkononi. Vidole vimeanza kujikunja, ngumi. Nikivifungua vinarudi. Dakika thelathini leo. Hakuna.

Nimehesabu wiki zilizobaki mpaka mwezi wa sita. Nilihesabu mara ya pili nikidhani nimekosea.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimefanya ujinga, na kwa kuwa Beverly atasoma daftari hili, nitauandika wote.

Kuna mama mmoja hapa juu, Kogo Taprandich. Kogo ni nyanya, na yeye ni nyanya wa kila mtu. Anaunga mifupa iliyovunjika. Anakanda matumbo ya wajawazito, na watoto wachanga anawapaka mafuta na kuwanyoosha mpaka wanalala kama wamelewa. Nimekuwa nikimcheka miaka yote. Nilikuwa nasema mikono yake inanuka samli na akili yake pia. Lakini watu wanasema bega likitoka, yeye hulirudisha ukikohoa mara moja tu.

Nikamwendea na mvua. Akaja na fimbo yake, akakaa, akaushika mkono wa Rodah muda mrefu. Alianzia shingoni, akashuka mfupa kwa mfupa.

"Huu mkono haujavunjika," akasema. "Haujatoka. Huu ugonjwa ni wa kichwani. Si wangu."

"Kogo, vidole vinajikunja. Labda kuna mshipa umeruka. Ukivuta kidogo utarudi."

"Nimesema si wangu."

"Umeogopa? Ama umezeeka?"

Hayo nilisema mimi, kwa mdomo huu. Mama wa miaka themanini na kitu, niliyemtoa kwake kwenye mvua. Akanitazama. Rodah akasema, "Baba Elmina, daktari alikataza." Nikamwambia daktari hayuko hapa, barabara imekatika, na mwezi wa sita unakuja.

Kogo akakanda kwa samli, kwa upole. Nikasema, "Vuta sasa." Akavuta kidogo sana, namna ya kumnyamazisha mtoto. Nikasema hiyo si kuvuta. Nikamshika Rodah kiunoni kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine nikaushika mkono wake juu ya kifundo, nikavuta mwenyewe.

Sauti aliyotoa sitaiandika.

Bega lilishuka. Unaweza kuweka kidole kwenye shimo. Kogo Taprandich alinipiga na fimbo, hapa kwenye muundi, mara mbili, na nilistahili ya tatu. Akachukua leso akaufunga mkono kifuani, akaweka kitambaa kilichokunjwa kwapani, haraka kama mtu wa jeshi, huku anasema, "Wewe Chepyegon, tangu utoto wako unafikiri kila kilichopinda kinanyooshwa kwa kuvutwa."

Rodah hajasema neno. Mdomo ule ambao ulirudi asubuhi ya pili. Amelala akiangalia ukuta.

Jumapili, 13 Aprili

Hajasema.

Jumatatu, 14 Aprili

Ogada alipata mtu mwenye trekta, tukavuka ile sehemu iliyokatika. Beverly alipiga picha ya bega, akatazama, akaliweka vizuri. Mfupa haujavunjika. Ulikuwa umeshuka kutoka nafasi yake, atakaa na kitambaa cha kushikilia wiki tatu. Hapo juu kusiguswe. Vidole na kiganja tu, kwa upole.

Nilikuwa nimejitayarisha kufokewa. Nilikuwa na maneno mazuri ya kujibu. Hakunifokea. Alisoma daftari, ukurasa wa Jumamosi, akalifunga.

"Mzee, ulikuwa unaogopa nini?"

Nikamwambia mimi siogopi kitu, nimewahi kufukuza chui. Si kweli, ilikuwa fisi, na alikuwa anaenda zake. Beverly akangoja tu. Hawa watu wanaokanda wanajua kungoja. Basi nikamwambia habari ya Elmina na mwezi wa sita.

Akasema, "Ulimwambia mama haya?"

Rodah alikuwa amekaa pale pale. Akasema, neno lake la kwanza tangu Jumamosi, "Hajaniambia kitu. Amenivuta tu."

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Hatukuenda kanisani. Nilimwambia Rodah hivi: sitaki uende Nakuru. Alikuwa anamenya ndizi kwa mkono mmoja na meno. Akasema, "Nimejua kitambo. Unafikiri dakika ishirini zikiwa thelathini mtu hajui?"

Halafu akasema bado amekasirika na ataendelea mpaka atakapochoka.

Jumanne, 22 Aprili

Bado hajachoka.

Alhamisi, 24 Aprili

Kogo Taprandich amekuja bila kuitwa. Hakunisalimia. Aligeuza kigoda akakaa miguuni pa Rodah, akatia mafuta viganjani, akashika nyayo zake. Si kukanda kwa nguvu. Alikuwa anapitisha mikono tu, kisigino hadi vidoleni, polepole, anavyowafanyia wachanga, huku anaongea habari za mbuzi wake. Kwanza aliangalia nyuma ya miguu kama kuna uvimbe au moto. Nani alimfundisha hiyo? Beverly alisoma miaka minne.

Rodah hajalala vizuri tangu siku ile. Alilala pale kwenye kiti, mdomo wazi.

Nilimsindikiza Kogo mpaka njiani. Nilitaka kusema pole na nikaanza na mzaha, ndiyo kawaida yangu. Akanikatiza. "Mwanamke hukandwa mwili wake akizaa, halafu hakuna anayemgusa tena mpaka siku ya kumwosha maiti. Miaka hamsini katikati. Fikiria hiyo ukiwa unakamua."

Nimekamua. Nimefikiria.

Jumatatu, 5 Mei

Kitambaa kimetolewa. Bega limeshika. Tunaanza upya, tukiwa nyuma ya pale tulipoanzia. Beverly amesema mwezi mmoja ni mfupi, hawezi kuniahidi.

Ijumaa, 9 Mei

Rodah sasa ndiye anayetoa amri. "Hapo. Juu kidogo. Hapo unabonyeza ng'ombe ama mtu? Polepole." Kumbe ilikuwa hivyo tangu mwanzo, mimi ndiye sikuwa nauliza.

Jumanne, 13 Mei

Ishirini. Mvua.

Jumamosi, 17 Mei

Mikono yangu mwenyewe inauma, hasa vidole gumba. Ogada amesema makosa ni yangu, nakanda kwa vidole wakati nina uzito wa mwili mzima. "Egemea, usibonyeze. Wewe ni mzito bure miaka yote, leo tumia." Amenikanda mkono hapo kwenye ukuta wa shamba, wazee wawili, watu wakipita na majani. Tumesalimia wote.

Alhamisi, 22 Mei

Leo naandika na herufi kubwa: KIDOLE GUMBA.

Rodah alichoka na mpira ule wa mazoezi. Akasema, "Niletee tawi la chai." Nikakata moja, lenye machipukizi. Nikalishika mbele yake baada ya kukanda, kiganja kikiwa bado na joto. Alilitazama sana. Halafu kidole gumba kikaenda, peke yake, kikakutana na cha pili, vikakata. Majani mawili na chipukizi, safi, hata kituoni hawangekataa.

Vilianguka sakafuni. Hatukuviokota mara moja.

Nilimpigia Beverly simu. Akasema miaka arobaini ya kuchuma haikai mkononi peke yake, inakaa kichwani, njia ya zamani imefunguka. Akasema tuache kuita mazoezi, tuite kuchuma.

Jumatano, 28 Mei

Machipukizi kumi na moja. Kikombe anakishika kwa mikono yote miwili kikiwa nusu. Vifungo havitaki. Kifungo ni kitu kidogo chenye roho mbaya.

Jumanne, 3 Juni

Ishirini na sita. Kifungo kimoja, cha chini.

Ijumaa, 6 Juni

Elmina anakuja kesho. Rodah amekaa na lile gauni la vifungo vitano tangu asubuhi. Nikamwambia avae lile la kupitisha kichwani, nani atajua. Akasema, "Mimi nitajua, na wewe utakuja kujisifu."

Jumamosi, 7 Juni

Elmina alifika saa sita na gari la kuazima. Kikombe alikiona: mama yake alikinyanyua, mikono miwili, hakumwaga. Elmina akapiga makofi. Halafu macho yote yakahamia kwenye gauni.

Rodah alianza chini. Kimoja. Cha pili. Cha tatu alikikosa, akakirudia, kikaingia. Cha nne kilichukua muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu ili isiende kusaidia. Kikaingia. Cha tano, cha shingoni, mkono haukufika. Alijaribu mpaka ukachoka, ukashuka wenyewe.

"Umejaribu sana, mama," Elmina akasema, kwa sauti ile ya kuzungumza na wateja wazee. "Huko kwangu utajaribu tu vile vile. Ngoja nitoe mfuko kwa gari, nikupangie nguo."

Niliendelea kukalia mikono yangu.

Elmina aliinama kwenye buti ya gari, akapiga kelele akabaki ameinama. Shingo. Ni siku sita mfululizo alikuwa anasuka watu wa harusi, amesimama, kichwa upande mmoja. Alirudi ndani akitembea kama amebeba mtungi.

"Kaa hapa chini," Rodah akasema.

"Mama, iko sawa."

"Nimesema kaa."

Akakaa sakafuni kati ya magoti ya mama yake. Rodah akaniambia nilete mafuta. Nikayaleta. Akaanza na kiganja cha kushoto, kutoka nyuma ya sikio kushuka begani, polepole. Halafu akaunyanyua wa kulia akauweka upande wa pili. Haukuwa na nguvu ya kubonyeza, kwa hiyo aliegemea, uzito wote wa mwili ukashuka mkononi. Kidole gumba kikatafuta pale palipokaza, kikapapasa, kikazunguka.

Elmina alifumba macho. Baada ya muda akauliza, "Mama, huu wa upande huu ni upi?"

"Ni wangu. Nyamaza."

Akaanza kulia, si sana, vile mtu hulia akiwa hajaguswa siku nyingi. Nilimfikiria Kogo. Rodah hakuacha kukanda. Akasema, "Nikija kwako nitakaa kwa kiti nitazame televisheni, na huu mkono utatazama nami. Huku una kazi. Na huyu baba yako ni mjinga, alilitoa bega, muulize akuonyeshe ukurasa wenyewe. Lakini amejifunza. Ukitaka kuja, njoo wewe, kila mwezi. Hiyo shingo yako si ya mtu wa miaka arobaini."

Elmina aligeuza kichwa kulia, kushoto. Kiligeuka.

"Mpaka mwezi wa nane," akasema. "Nitakuja kuangalia."

"Uje na nguo zako, si mfuko wa zangu."

Saa kumi aliondoka peke yake, na viazi, na chupa ya mursik, maziwa yetu yaliyochachuka. Rodah alimpungia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuweka mapajani, unang'aa mafuta, vidole vimelegea.

Nikavuta kigoda, nikauliza kama niukande.

"Uache," akasema. "Nao umetoka kazini. Upumzike."